Viroba Kwenye Jaruba la Mama

Viroba nilivipeleka mimi. Naanza na hilo kwa sababu nimeshajaribu kuisimulia habari hii nikianzia kwingine, kwenye mvua, kwenye samaki, kwenye mjukuu wangu, na kila mara nimejikuta nafika katikati bado sijalisema. Najijua. Nisipolisema mwanzoni sitalisema kabisa. Nilivichukua kwenye duka la jumla pale Miembeni, huku Bukoba ninakoishi, nikavikung'uta, nikavikunja, nikavifunga kwa kamba na kumpelekea mama yangu Muleba. Hakuna aliyenituma. Na siku hiyo nilijiona mtoto mwema kuliko watoto wote wa tumbo lake.

Jambo la pili ambalo sina budi kulisema mapema ni kwamba mimi ni mwalimu wa baiolojia. Mifuko ya nailoni ilipopigwa marufuku nchini, mimi ndiye niliyesimama mbele ya wanafunzi kwenye paredi ya asubuhi nikawaeleza kwa nini. Niliwaambia kwamba plastiki haiozi, inavunjikavunjika tu mpaka isionekane, na kutoonekana kwake ndiyo hatari yenyewe. Nilisema vizuri sana. Mkuu wa shule alinipongeza.

Mama yangu alizaliwa upande wa Kashozi, karibu na misheni, akaolewa Muleba akiwa bado msichana. Baba alipofariki, kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, kilikwenda kwa kaka yangu. Ndivyo ilivyo kwetu: kibanja ni cha ukoo, na ukoo ni wa wanaume. Hakuna aliyemfukuza mama, na kaka yangu si mtu mbaya. Lakini tangu siku ile mama alianza kuomba. Akitaka kukata mkungu wa ndizi, anamtajia mkwewe, mke wa kaka, kwanza. Akitaka kuchuma kahawa za kutafuna wageni wakija, anauliza zipi. Mwanamke aliyeitunza migomba ile kwa miaka arobaini na zaidi alikuwa anauliza mgomba upi akate.

Bondeni, chini ya kilima, kulikuwa na kipande cha ardhi chenye tope ambacho enzi hizo hakuna mwanamume aliyekitaka. Wanawake walilima magimbi huko, na kila mmoja alijua mwisho wa kipande chake. Cha mama kilikuwa chake. Si kwa hati, bali kwa jembe lake na kwa jinsi watu wote wa kijiji walivyokiita kwa jina lake. Katika maisha yake yote ndiyo ardhi pekee ambayo hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kukata kitu.

Kisha akaja bwana mmoja wa kilimo kufundisha watu kulima mpunga pamoja na samaki. Unatengeneza jaruba kama kawaida, unachimba mfereji wa kina pembeni, unaweka vifaranga vya sato. Maji yakijaa samaki wanatembea katikati ya mpunga, wanakula wadudu na magugu, na kinyesi chao kinakuwa mbolea. Maji yakipungua wanarudi mferejini. Watu waliokwenda kwenye mafunzo yale walikuwa wengi, waliojaribu wakawa wachache, na aliyeendelea baada ya msimu wa kwanza, nadhani, alikuwa mama peke yake. Walimcheka sana. Walisema bibi anapika wali na kitoweo hukohuko shambani, bado moto tu. Mama alikuwa anacheka nao, kisha anarudi bondeni na jembe lake.

Shida ilikuwa kingo. Udongo wa bonde lile ni laini, na mvua za masika zikishuka kutoka mlimani zinabomoa tuta lolote. Msimu wa pili mvua ilivunja ukingo wa chini na samaki wote wakaenda na maji. Nilipofika kumpa pole nilimkuta ameketi kwenye nyasi, miguu imejaa tope, anatazama jaruba tupu. Hakulia. Alisema tu, "Mbwenu, basi, wameondoka wote. Hata wale wadogo."

Hapo ndipo nilipopata akili yangu ile. Barabara ikibomoka mjini, wanajaza mchanga kwenye viroba na kuvipanga. Nyuma ya duka la Miembeni kulikuwa na lundo la viroba vitupu vya mchele na sukari, vyeupe vyenye mstari wa bluu, na mwenye duka alifurahi kupata mtu wa kumpunguzia. Nilipeleka viroba arobaini na kidogo. Mama alivipokea kwa mikono miwili akanishukuru kwa lugha yetu, "Wakola, mwana wange," na siku hiyohiyo tulianza kujaza udongo, yeye akishikilia mdomo wa kiroba na mimi nikipiga koleo. Tulivipanga ukingo mzima, tukavishindilia kwa miguu. Mvua zikaja, zikapiga, ukingo ukasimama.

Misimu mitatu iliyofuata ilikuwa mizuri. Samaki walikua na mpunga ulitosha. Na mama alipata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, uwezo wa kutoa bila kuomba. Desturi aliyoianzisha ilikuwa hii: mwanamke yeyote pale kijijini akijifungua, mama alishuka bondeni asubuhi, akavua samaki wadogo wadogo, akawatunga kwenye kamba ya mgomba na kumpelekea mzazi. Alitoa maelekezo pia. Samaki wale wachemshwe wazima, wasipasuliwe, kwa sababu ule uchungu wa utumbo ndio unaoleta maziwa. Alifundishwa hivyo na mama mkwe wake, na mama mkwe wake alifundishwa na mwingine. Mimi na baiolojia yangu nilikuwa natabasamu tu. Wanawake walikunywa, maziwa yakaja. Pengine yangekuja tu. Lakini ilifika mahali mzazi asipoletewa samaki wa mama yangu anauliza amekosea nini.

Jua la kwetu si kali kama la Dodoma, lakini linatosha. Baada ya misimu mitatu viroba vilianza kukatika. Ukivigusa vinamwagika nyuzi, nyeupe na bluu, nyembamba, nyepesi, zinabaki zimenata kwenye vidole. Nilikwenda likizo ya Juni nikamkuta mama bondeni, ameviondoa viroba vilivyochakaa kutoka kwenye ukingo na kuvilaza juu ya gogo, anavikata kwa panga. Alikuwa anavikata vipande vidogo vidogo, kwa utaratibu, na vipande vyote anavitawanya jarubani, tayari kuvichanganya na udongo kabla ya kufungulia maji.

Asiyekulia kwetu atashangaa, lakini mimi nililelewa hivyo hivyo. Mgomba ukishatoa mkungu, shina lake hulitupi. Unalikatakata na kulitandaza chini ya migomba mingine, lioze, liwe chakula chao. Maganda ya ndizi, majani ya kufungia matoke, majivu, mabua ya maharage, nyasi za kitanda kilichochakaa, kila kitu kinarudi kibanjani. Katika nyumba niliyokulia hapakuwa na shimo la taka. Hatukujua neno taka. Kitu kikichoka, unakikata vipande ili kioze upesi, ardhi inakula. Mama alikuwa anafanya kazi aliyoifanya kila siku ya maisha yake, na aliifanya kwa uangalifu.

"Vimechoka," aliniambia. "Navikata vizuri, vitawahi kuoza."

Na mimi nilisema nini? Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilisema kitu. Nilisema, "Pole na kazi, Mae." Nilivua viatu nikaingia kumsaidia kutawanya.

Nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemkemea kwa sababu alifunika sufuria ya matoke kwa mfuko wa nailoni badala ya majani, na aliniambia kwa upole kwamba majani yanatoka kibanjani, na kibanjani siku hizi anaomba. Nilijisikia vibaya. Kwa hiyo siku ile ya viroba sikutaka kuwa mwalimu tena. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa linawaka, na nilifikiri: vipande kadhaa tu, kwenye bonde kubwa namna hii. Kisha mama akasema ukingo unahitaji viroba vipya, na mwezi wa nane nikampelekea vipya, safari hii mara mbili ya vile vya kwanza.

Miaka miwili baadaye binti yangu mkubwa alijifungua mtoto wake wa kwanza. Alikuja kukaa kwangu Kibeta nimlee, kama kawaida. Mama hakuweza kusafiri, magoti yalimsumbua, lakini siku ya nne basi la Muleba lilileta kikapu. Ndani, juu ya majani mabichi ya mgomba, walikuwa samaki wadogo wa jarubani, wamekaushwa kidogo kwa moshi, wametungwa. Kondakta alinipa na maagizo kwa mdomo: bibi amesema wasipasuliwe.

Niliwapika wazima. Binti yangu alikunywa bakuli moja asubuhi na moja jioni, siku tatu. Alikuwa anakunja uso kwa uchungu wake na kunywa mpaka tone la mwisho, kwa sababu maziwa yalikuwa yanasitasita na alikuwa anaogopa. Mtoto alikuwa mdogo. Alilia kilio chembamba kisichokuwa na nguvu, na kila akilia binti yangu ananiangalia mimi.

Siku ya nne ya supu, nilipokuwa napakua, niliona uzi kwenye upawa. Nilifikiri ni wa kitambaa cha kushikia sufuria. Niliutoa nikaona mwingine umeelea juu ya mafuta, na wa bluu. Nilimchukua samaki mmoja aliyebaki kikapuni, nikampasua kwa kisu cha kumenyea ndizi. Tumbo lake lilikuwa dogo kama kidole cha mtoto. Ndani yake kulikuwa na fundo la nyuzi, nyeupe na bluu, zimesokotana na uchafu wa kijani. Nikampasua wa pili. Wa tatu alikuwa msafi, na kwa dakika moja nilifurahi kama mjinga. Wa nne, wa tano.

Bluu ile niliifahamu. Mstari wa viroba vya Miembeni.

"Mama, kuna nini?" binti yangu aliuliza kutoka chumbani, maana upawa ulikuwa umenyamaza.

"Miba," nilisema. "Leo wana miba mingi. Nitakupikia maharage."

Nilitoka na sufuria nyuma ya nyumba, na nikaimwaga supu yote kwenye migomba yangu. Niliimwaga kabisa, mpaka tone la mwisho, ndipo nikaona nilichofanya. Nilisimama pale na sufuria tupu nikamcheka mwalimu wa baiolojia. Halafu nikalia, na sikuwa na hakika namlilia nani.

Nilikwenda Muleba Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yaliniishia nilipomwona mama akitoka mlangoni anauliza kwa sauti kabla sijamsalimia, "Maziwa yamekuja?"

"Yamekuja, Mae." Hilo lilikuwa kweli. Yalikuja baada ya kuacha supu, lakini hilo sikulisema.

Nilimwomba twende bondeni. Nilichukua beseni jeupe la plastiki, ndilo lililokuwepo, nikachota tope la jarubani, nikaongeza maji na kulikoroga taratibu. Udongo ulizama. Nyuzi zikabaki juu, nyingi, na vipande vidogo vya nailoni laini kama maganda ya vitunguu. Mama aliinama akaangalia kwa muda mrefu.

"Mizizi ya mpunga," alisema.

"Si mizizi, Mae."

"Mizizi mizuri ndivyo ilivyo. Myeupe."

Sikubishana naye. Nilizikusanya nyuzi kidogo kwenye jani, nikang'oa na mizizi ya mpunga kidogo, tukapanda mlima polepole kwa sababu ya magoti yake. Jikoni nilitupa mizizi kwenye kaa la moto, ikatoa moshi, ikawa majivu. Nikatupa nyuzi. Zilijikunja, zikayeyuka, zikawa tone jeusi, na jiko zima likanuka ile harufu ambayo hata mtoto anaijua, harufu ya mfuko ulioangukia motoni. Mama alichukua kijiti akaligusa lile tone. Likanata kwenye kijiti.

"Niliwapa samaki hiki," alisema.

"Hukujua."

"Wakala."

"Ndiyo, wakala."

Aliketi kwenye mkeka. Akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu Bukoba. "Vitaoza lini? Nilivikata vidogo sana."

"Haviozi, Mae. Vinazidi kuwa vidogo tu. Ulivyovikata ndivyo vilivyoenea."

"Mpaka lini? Mpaka nife?"

"Hata mimi nikifa vitakuwepo. Na huyu aliyezaliwa juzi, hata yeye."

Nilisema hivyo kwa sauti ya darasani. Nililisikia jibu langu likitoka kavu, sahihi, kama naandika ubaoni, nikatamani kujipiga kofi. Mama alitandaza mikono yake mapajani. Alianza kuhesabu kwa vidole. Sikuelewa mara moja anahesabu nini, mpaka nikasikia: mke wa fundi seremala, yule wa mapacha. Binti wa katekista. Yule wa nyumba ya juu, mara mbili. Mkwe wangu. Alikuwa anahesabu wazazi aliowapelekea samaki. Vidole viliisha akarudia mkono wa kwanza.

"Na wa kwako," alimaliza.

Nilimtafuta bwana wa kilimo, yule yule. Alikuja, akaangalia, akatikisa kichwa. Ni mtu mwaminifu na kwa hilo namheshimu. Alisema nyama ya samaki huenda haina neno, watu watoe utumbo na kuosha vizuri. Niliuliza kuhusu vile vidogo visivyoonekana, vinavyoweza kupita tumboni na kwenda kwingine, na kuhusu mpunga wenyewe. Alisema, "Hivyo, mwalimu, sijui. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya." Niliuliza kuhusu maziwa ya mama anayenyonyesha. Alitazama viatu vyake. Alisema tope la juu lingeweza kuondolewa, lakini litapelekwa wapi, na kwa beleshi la nani.

Kaka yangu alikuwa na jibu lake. Maji yafungwe, wapande mikaratusi. Alisema kwa nia njema, nadhani. Lakini sote watatu tulijua mti ukishapandwa kwetu ardhi ina mwenyewe, na mwenyewe ni aliyepanda. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimwambia kaka kwamba yeye hajafa, na bonde si la ukoo.

Tuling'oa viroba vyote vya ukingoni, vipya na vya zamani. Vingine vilitoka vizima, vingine vilitumwagikia mikononi. Nilivirudisha Bukoba, nikaviweka kwenye gari la taka, na gari likaondoka navyo kwenda kuvitupa mahali ambapo pia ni bonde la mtu. Ukingo mama aliujenga upya kwa udongo na mizizi ya matete, kama zamani, na masika yaliyofuata yakaubomoa nusu.

Kazi aliyojipa baada ya hapo sikumfundisha mimi, na nilijaribu kumzuia. Kila asubuhi anashuka na beseni na chekeche yake ya unga. Anachota tope, anakoroga, anaokota. Nyuzi anazitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Anaanzia kona ya juu, karibu na mfereji, na amenyoosha kamba kuonyesha alipofika. Nilimwambia kwamba vinavyookoteka ni vile vikubwa, na vikubwa si tatizo lenyewe. Nilimwambia maji yakiingia yanazirudisha nyuzi kutoka sehemu ambayo haijaokotwa. Alisema, "Najua kupalilia, mwana wange." Akaendelea.

Samaki hakumpelekea tena mtu. Mwezi wa kumi na moja, senene walipokuwa wameanza kuanguka, mwanamke jirani alijifungua, na mama alikwenda kumwona akiwa na chane ya ndizi ambayo ilimbidi aiombe. Watu walisubiri samaki. Kisha maneno yakaanza: bibi siku hizi anauza wote mjini, bibi amemnunia fulani, bibi amejua utamu wa fedha. Mama hauzi hata mmoja. Nilimwambia awaeleze watu ukweli. Aliniambia nimweleze yeye kwanza atasema nini kwa yule wa mapacha, ambaye mmoja wa mapacha wale amechelewa kutembea. Nikamwambia hakuna ushahidi wowote kwamba kuna uhusiano, watoto wengi huchelewa. Aliniangalia.

"Kwa hiyo unajua kwamba hakuna uhusiano."

"Sijui, Mae."

"Mbwenu," alisema, "na mimi sijui. Nitamweleza nini?"

Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Nilikuta amepika sufuria mbili. Hilo peke yake lilinishangaza, kwa sababu mama ni mtu wa sufuria moja. Aliniwekea ndizi na maharage kwenye jani, juu ya sinia, akanipa maji ya kunawa. Kisha akafunua sufuria ndogo, akajipakulia mwenyewe samaki wawili wa jarubani, na mchuzi, na wali wake kidogo.

Tangu nizaliwe sijawahi kumwona mama yangu akila kitu kizuri kuliko mgeni wake. Kichwa cha samaki na mkia ndio ulikuwa mgao wake, na katikati ni yetu. Sasa alikuwa amejitengea samaki mzima mzima, anakula taratibu, bila raha, kama mtu anayemeza dawa aliyoandikiwa.

"Kwa nini unawala?" niliuliza.

"Nimewafuga. Nikiwatupa watakwenda wapi? Mtoni wakaliwe na mwingine? Mimi nimeshazaa, nimeshanyonyesha. Kwangu vikiingia vimefika mwisho."

Nilinyoosha mkono kwenye sahani yake. Sijui nilitaka nini, labda kumega tu kipande nile naye, niwe upande wake hata kwa tonge moja. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Alifunika sahani kwa kiganja. Kwenye mikunjo ya vidole vyake, kwenye ufa wa ngozi iliyolowa tope miaka yote, niliona nyuzi mbili nyeupe zimeingia na kukaa.

Ndipo nikasema kile ambacho tangu siku ya beseni nilikuwa sijakisema kwa kinywa changu mbele yake, na ambacho yeye hakuwahi kunisuta nacho hata mara moja. "Mae, viroba nilileta mimi. Na siku unavikata nilikuwa najua. Nilijua, na nikakusaidia kutawanya."

Mama alitafuna alichokuwa nacho mdomoni mpaka akameza. Mkono wake ulikuwa bado juu ya sahani.

"Najua ulijua," alisema. "Wewe si mwalimu? Nilikuwa nangoja useme."

Akausogeza wali wake mbali nami kidogo, akanionyesha sinia kwa kidevu.

"Kula ndizi zako. Zinapoa."